Podikasti ya Video Kutoka Msuka na Watazamaji Wake Waliotawanyika

Podikasti ni mfululizo wa mazungumzo au simulizi zinazorekodiwa na kuwekwa mtandaoni ili msikilizaji azifuate kwa wakati wake mwenyewe, na podikasti ya video ni mfululizo wa aina hiyo hiyo ambao wazungumzaji wake wanaonekana pia kwa picha. Utangazaji huu ulianza kushika kasi mwaka 2004 ukiwa wa sauti tupu, mwaka mmoja kabla ya kuanzishwa kwa YouTube, lakini kufikia Februari 2025 YouTube ilitangaza kwamba zaidi ya watu bilioni 1 hufuatilia podikasti kupitia jukwaa lake kila mwezi. Afrika Mashariki imeingia katika mkondo huo kwa nguvu, na mazungumzo marefu kama yale ya Salama Jabir katika SalamaNa yameonyesha kwamba mtazamaji wa Kiswahili yuko tayari kukaa muda mrefu na mgeni mmoja pale anapoulizwa maswali yenye uzito. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hizi hutoka katika miji mikubwa, hasa Dar es Salaam na Nairobi, na huzunguka wasanii, siasa na biashara za miji hiyo, kiasi kwamba kijana wa kisiwani anayetaka kuanzisha chaneli hudhani kuwa hana budi kuiga mandhari ya studio za huko, meza za huko na hata lafudhi ya huko.

Dhana hiyo inastahili kupingwa, na Msuka ni mahali pazuri pa kuipinga. Msuka iko kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, na leo imegawika katika shehia za Msuka Mashariki na Msuka Magharibi, jirani na Ras Kigomasha yenye mnara wa taa wa tangu enzi za ukoloni na si mbali na msitu wa Ngezi. Katika eneo hilo yamo magofu ya msikiti wa kale ambao ndani ya mihirabu yake umechorwa mwaka 816 wa Hijria, sawa na 1413 au 1414 Miladi, yaani zaidi ya miaka 80 kabla ya Wareno kufika katika pwani hii. Ukiongeza uvuvi wa mkondo wa Pemba, karafuu, kilimo cha mwani, wanawake wanaochokoa pweza maji yanapokupwa, na lahaja ya Kipemba ambayo Baraza la Kiswahili la Zanzibar limeitungia kamusi lake, unapata hazina ya mazungumzo ambayo hakuna studio ya Dar es Salaam inayoweza kuitengeneza hata ikiwa na fedha kiasi gani.

Swali linalofuata ni nani atakayetazama, na hapa ndipo watayarishaji wengi wanapokosea hesabu kwa kuanza na umma wote wa wasemao Kiswahili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 540,000 katika mikoa miwili ya Pemba, lakini Wapemba na jamaa zao hawaishii hapo. Wako Tanga na Dar es Salaam. Wako Mombasa, Kwale na Kilifi, ambako jamii ya Wapemba ilitambuliwa rasmi na serikali ya Kenya mwaka 2023. Wako Maskati na miji mingine ya Oman, ambako walihamia wengi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Na wako Uingereza na Kanada. Wapo pia waliovuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, baada ya machafuko ya kisiasa ya Januari 2001, na baadhi yao hawakurudi. Watu hawa hawana haja ya kushawishiwa kwamba Msuka ni muhimu, kwa kuwa wanayo makaburi huko, mashamba na shangazi zao, na kinachokosekana ni kitu cha kutazama kinachotoka huko kwa utaratibu. Mshairi Mohammed Ghassani, mzaliwa wa Pemba anayeishi Ujerumani, ambaye mwaka 2015 alipata Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika ya Kiswahili kwa diwani yake *N'na Kwetu*, ni ushahidi kwamba kuwa mbali na kisiwa kunaweza kuongeza kiu ya lugha na habari za kisiwa. Chaneli inayoanza na watu elfu chache wa namna hii, wanaotazama hadi mwisho na kumpelekea ndugu, ina msingi imara kuliko ile inayopata watazamaji laki moja wa siku moja kwa sababu ya ugomvi wa msanii.

Wengi wameifananisha podikasti na mazungumzo ya barazani, na mfanano upo, kwani kote huko watu huketi, hupokezana maneno na hawana haraka. Lakini mfanano huo ukifuatwa bila tahadhari huharibu kazi. Barazani wote wanajuana, hivyo mzee akisema "yule bwana wa ng'ambo" kila mmoja anamfahamu, na akikatiza kisa nusu, wenzake wanakijaliza. Mtazamaji aliyeko Maskati, ambaye pengine ni mjukuu aliyezaliwa huko, hana ufunguo huo. Kazi kubwa ya mwendeshaji wa mazungumzo ni kuuliza kwa niaba ya asiyekuwepo: bwana huyo alikuwa nani, shamba hilo liko upande gani wa mji jirani wa Konde, chombo kilichozama kilikuwa ngalawa au jahazi, mwaka huo ulikuwa wa masika makubwa au wa ukame. Mwendeshaji anayetingisha kichwa kwa kila jambo kwa sababu yeye mwenyewe analijua anawafungia mlango watu anaowatafuta. Wala si lazima kumtaka mzee aache Kipemba chake ili aeleweke, kwa kuwa maneno yenye uzito yanaweza kuelezwa kwa maandishi mafupi chini ya picha, na lahaja yenyewe ni sehemu kubwa ya kinachomvuta mtu aliyeko mbali.

Upande wa ufundi, jambo la kwanza ni sauti, wala si kamera. Mtazamaji huvumilia picha yenye kiza kidogo, lakini sauti inayokwaruza humfukuza mapema, na wengi huiweka simu pembeni na kusikiliza tu huku wakipika au wakiendesha gari. Msuka ina matatizo yake ya sauti ambayo mafunzo ya studio za mjini hayayataji. Kati ya Desemba na Machi upepo wa kaskazi huingia moja kwa moja kutoka baharini, na maikrofoni isiyovishwa kifuniko cha manyoya au sifongo hurekodi ngurumo badala ya maneno. Wakati wa masika mvua juu ya paa la bati huzima kila kitu. Na adhana, ambayo haifai kukatwa katikati wala kuzungumziwa juu yake, huhitaji ratiba ya kurekodi ipangwe kwa kufuata nyakati za sala. Chumba chenye magodoro, mapazia mazito na majamvi hufyonza mwangwi vizuri kuliko ukumbi mtupu wenye kuta za saruji. Kila mzungumzaji awe na maikrofoni yake ndogo ya kubana kwenye nguo, iliyo kama shubiri moja kutoka kinywani, na pale sauti inaporekodiwa kwa kifaa tofauti na simu inayopiga picha, mtu apige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili mhariri apate alama ya kuoanisha sauti na picha. Simu mbili za kisasa juu ya vishikilio vyake, moja kwa kila uso, na mwanga wa dirishani vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Umeme wa gridi, uliofika Pemba mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, umerahisisha uhariri, ingawa betri ya akiba inabaki kuwa kifaa cha lazima.

Kikwazo kikubwa zaidi ni bando. Video ya saa moja yenye ubora wa kawaida wa mistari 1080, ikihifadhiwa kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde ambacho YouTube hukipendekeza, hufikia takriban gigabaiti 3.6, wakati sauti pekee ya mazungumzo hayo hayo, kwa kilobiti 128 kwa sekunde, haizidi megabaiti 58. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara 60 ina maana mbili. Kwanza, mtayarishaji apakie video usiku, wakati mtandao una nafasi. Pili, na hili ni la haki kwa jirani, kila kipindi kitolewe pia kama sauti tupu, ili mvuvi wa Msuka ambaye picha yake imo ndani ya video asikose kusikiliza kilichosemwa juu ya kazi yake mwenyewe. Redio Jamii Micheweni, iliyojengwa kwa msaada wa UNESCO, ingefaa kuombwa irushe sauti hizo, kwani msikilizaji wa redio leo ndiye anayemwambia mtoto wake wa Mombasa atafute video kesho.

Ukuaji wa hadhira hutegemea mambo machache ambayo YouTube huyapima waziwazi: ni wangapi kati ya walioonyeshwa picha ya jalada waliigusa, na walibaki wakitazama kwa muda gani. Kwa hiyo jina la kipindi liseme jambo mahususi, na kipindi kianze na kauli yenye nguvu ya mgeni kabla ya salamu ndefu. Vipande vya chini ya dakika tatu hutumika kama chambo, lakini kwa chaneli ya Msuka njia yenye kasi zaidi ni makundi ya WhatsApp ya koo, skuli na misikiti, ambako kipande kimoja huvuka kutoka Konde hadi London kabla ya kupoa. Siku na saa ya kutoa kipindi visibadilike: saa mbili usiku Pemba ni saa tatu usiku Maskati, na London ni alasiri au magharibi kutegemea majira. Jukwaa lilipoweka masharti ya mapato ya matangazo, yaani watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, halikutofautisha kijiji na jiji. Tena watangazaji kwa kawaida hulipa zaidi kwa mtazamaji wa Ghuba au Ulaya kuliko kwa wa Tanzania, jambo linaloifanya hadhira iliyotawanyika kuwa na faida ya fedha pia. Kabla ya kufikia mapato hayo mtayarishaji ahakikishe msimamo wake kisheria, kwa kuwa nchini Tanzania maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake, na muziki wa watu una wenyewe.

Lipo pia suala la idhini, ambalo kijijini lina uzito kuliko mjini. Mwanamke anayejua kila mwamba wa pweza anaweza kukubali kusikika na akakataa kuonekana, na kukubali kwake nusu hakupunguzi thamani ya maneno yake: kamera ielekezwe kwenye mikono, kwenye mwani unaoanikwa au baharini, na makubaliano hayo yaandikwe kabla ya kurekodi. Mgeni aelezwe pia, kwa lugha nyepesi, kwamba video ikishatoka itaonekana na watu asiowajua na haitarudishwa kikamilifu hata ikifutwa.

Mwisho ni rekodi zenyewe. Nakala iliyo YouTube imebanwa na kukatwa, na akaunti inaweza kupotea kwa nywila iliyosahauliwa, ilhali saa mbili za mzee akieleza namna ya kusafiri kwa nyota kutoka Kigomasha hazitarekodiwa tena akishafariki. Rekodi asilia, ambazo hazijahaririwa, zihifadhiwe katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, kila faili likiwa na jina la msemaji, tarehe, mahali na aliyemhoji, na nakala moja ipelekwe Nyaraka za Taifa Zanzibar kwa ridhaa ya familia ya msemaji.