Chagua Laini kwa Shamba, Si kwa Bei

Msimu wa karafuu ukiingia, wengi katika sisi hufunga virago tukaenda mashamba, tukakaa huko wiki kadha wa kadha. Siku hizi kila mmoja ana simu mfukoni. Lakini kuwa na simu siko kuwa na mtandao, na jambo hili twapenda kulizungumza na wanachama kabla majamvi hayajatandikwa.

Msimu uliopita sisi wenyewe tulipata somo. Tulikuwa bondeni, wachumaji saba, na sote laini zetu ni za kampuni moja, kwa kuwa bando lake lilikuwa rahisi. Mwenzetu mmoja tawi likamkatikia, akaanguka. Hapana simu hata moja iliyoshika. Ikabidi kijana apande kilima mbio hadi apate mtandao, ndipo akaita gari. Mwenzetu alivunjika mguu, na alhamdulillahi amepona. Lakini ile nusu saa ya kungoja hatutaisahau. Kweli rahisi huvunja upishi.

Sababu yake si ngumu. Mawimbi ya simu hutoka mnarani, na kilima kikiyakinga, aliye nyuma yake hupata kidogo au hapati kabisa. Pemba yetu ni vilima na mabonde. Kwa hivyo laini inayoshika vyema Chake Chake si lazima ishike shambani kwako.

Haya basi ndiyo tunayowausia wenzetu.

Kwanza, usiulize mjini. Uliza wenyeji wa huko uendako laini gani hushika, na hushika wapi: nyumbani, njiani au mikarafuuni.

Pili, simu nyingi hupokea laini mbili. Tia za kampuni mbili mbalimbali. Kama yako ni ya laini moja, patana na wenzako msiwe nyote wa kampuni moja.

Tatu, tazama siku za bando, si ukubwa wake tu. Bando la siku moja halimfai mtu wa shamba. Ujumbe wa maandishi hula kidogo sana, lakini video ya saa moja yaweza kumaliza MB 500 na zaidi. Ramani na programu zipakue mjini kabla hujaondoka.

Nne, simu inayotafuta mnara wa mbali humaliza betri upesi. Zima data usipoitumia. Mtandao wa 4G ukiwa dhaifu, jaribu 2G. Yatosha kwa kuzungumza na ujumbe mfupi.

Tano, siku ya kwanza tu tafuteni mahali panaposhika, na kila mchumaji apajue. Tena kumbukeni nambari 112 ya dharura: mwito wake waweza kupita katika mnara wa kampuni nyingine ulio karibu, hata kama laini yako haishiki.

Mtandao hutuletea habari za mvua kabla karafuu hazijalowa jamvini, na hutuitia gari la kubebea magunia. Lakini kubwa kuliko yote ni roho ya mtu aliye juu ya mti. Mwanachama anayejua mahali panaposhika vyema katika shamba lake na atuarifu, nasi tutawaarifu wengine.