Ukanadola, Mpaka na Uhamiaji: Maelezo ya Istilahi

Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Singida ametuuliza: falsafa ya siasa isemayo kwamba binadamu aweza kuishi vema bila serikali, na kwamba kwa hiyo mipaka ya nchi na vibali vya kuivukia havina uhalali, tuiiteje kwa Kiswahili? Wanafunzi wake huiita "vurugu".

Hatuwezi kulipokea neno hilo. Jina la kigeni la falsafa hiyo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni "bila mtawala", fujo hazimo. Mfaransa Proudhon, aliyejiita kwa jina hilo mwaka 1840, alishikilia kuwa utaratibu wa haki hutokana na mapatano ya watu wenyewe. Tunapendekeza *ukanadola*, na mfuasi wake *mkanadola*, kwa kufuata *ukanamungu* na *mkanamungu*, maneno ambayo yamekwisha kuzoeleka. Tumechagua "dola" badala ya "serikali" kwa kuwa serikali hubadilika kila uchaguzi, na wanachokikana watu hawa ni ile nguvu ya kushurutisha inayobaki pale pale.

Kwa nini waguse uhamiaji? Yamewapata wenyewe. Mwaka 1903 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia wakanadola wasiingie nchini, na mwezi Desemba 1919 ikawapakia watu 249 katika meli iitwayo Buford na kuwapeleka Urusi. Miongoni mwao alikuwamo Emma Goldman, aliyekuwa ameishi Marekani tangu 1885. Hoja yao ni kwamba mamlaka ya kuchagua nani aingie hayaishii mlangoni. Huingia ndani na kuchagua nani afikiri nini.

Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. *Raia* limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni la kuchunga: raia wa kale ni kundi lenye mchungaji. (Mfugaji wa Kinyaturu atalifahamu jambo hili upesi kuliko mwanasheria.) *Mpaka* lina undugu na *kupakana*, kitenzi cha kutendeana: Singida haiwezi kupakana na Tabora bila Tabora kupakana na Singida. Ama *uhamiaji*, limejengwa juu ya *kuhamia*, wala si *kuhama*. Anayesema "amehama" amesimama kule mtu alikotoka. Asemaye "amehamia" amesimama anakoingia. Idara za dola husimama upande huo wa pili, na neno limezifuata.

Hapa ndipo penye uzito wa swali la mwalimu, kwani mkoa wake una watu ambao wakanadola hupenda kuwatolea mfano. Wahadzabe, walioko Munguli wilayani Mkalama na kuzunguka Ziwa Eyasi, kwa desturi hawana chifu. James Woodburn, katika makala yake ya mwaka 1982 juu ya jamii zenye usawa, alieleza jinsi watu hao wanavyoingia na kutoka kambini kwa hiari, na jinsi wagombanao wanavyomaliza ugomvi kwa kuachana tu, kila mmoja akaenda kambi nyingine. Hakuna wa kumpa mtu kibali.

Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama. Asiyemzuia mgeni hana cha kumzuilia mkulima na mfugaji wanaokuja na majembe na ng'ombe wao. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ng'ambo ya pili katika Mkoa wa Manyara, walipata hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Watu wasio na mtawala walikinga ardhi yao kwa mpaka uliochorwa kwa sheria ya dola. Mkanadola atajibu kuwa mpaka wa kuilinda jamii iliyomo si sawa na ule wa kumfungia mtu nje kwa sababu ya cheti. Jibu hilo lina nguvu, ingawa kwa maoni yetu halitoshi: hati isiyo na dola nyuma yake ni karatasi.

Kwa hiyo tunaomba vitabu vya shule viache kuwaita Wahadzabe *wahamaji*. Anayezunguka ndani ya nchi yake, akifuata asali na mizizi, hajahama. Waliohamia ni wale waliomkuta, na neno *mhamiaji* linawafaa hao.