Timu Inayojichagulia Njia

Mwandishi wa habari Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta mvumbuzi Livingstone, watu wake 192 hawakwenda kwa mkumbo mmoja. Aliwagawa katika misafara mitano: wa kwanza uliondoka 18 Februari, wake mwenyewe 21 Machi. Msafara mdogo hutembea upesi, na ukipatwa na shari mali yote haipotei kwa mpigo. Mwishoni mwa Juni alikuwa Unyanyembe, akapanga katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora ya leo.

Wapagazi wa Kinyamwezi walijigawa zaidi ya hapo. Ndani ya msafara walikuwa na kambi, yaani vikundi vya watu wachache waliopika chungu kimoja na kulala pamoja. Kirangozi alitangulia mbele kwa kuwa aliijua njia. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na Stanley alitumia kiboko. Ninachokitetea hapa ni utaratibu wa wapagazi wenyewe.

Kazi ya kuunda programu za kompyuta nayo inadai vikundi vidogo. Watu watano wana jozi 10 za watu wanaohitaji kuelewana. Kumi wana 45. Thelathini wana 435. Ndiyo maana mwaka 1975 mtaalamu wa kompyuta Frederick Brooks alionya kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, na mwongozo wa skramu, utaratibu mmojawapo wa kuendesha kazi hiyo, unasema timu kwa kawaida isizidi watu kumi.

Skramu ni tawi la mbinu za ejaili. Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika ilani fupi ya mbinu hizo: mpe mtumiaji programu inayofanya kazi, kidogo kidogo, kila baada ya wiki chache, na ukubali kubadilika. Kampuni nyingi zimekipokea kikao cha kusimama cha dakika 15 kila asubuhi. Sharti gumu zimeliacha mlangoni, nalo ni kwamba timu ijipange yenyewe. Bila sharti hilo, kikao cha asubuhi ni foleni ya kutoa taarifa kwa bosi.

Kujipanga kukoje? Turudi kwa Livingstone. Stanley alipokwisha kumpata, Livingstone alingoja Kwihara miezi mitano mwaka 1872, mpaka wapagazi waliotumwa na Stanley walipofika Agosti. Mwanzoni mwa Mei 1873 alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake wakaitana barazani, wakawakubali Abdullah Susi na James Chuma kuwa wakuu wao kwa kuwa ndio wakongwe wa safari. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha mali yote. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, akaandaa maiti isiharibike. Kila kazi ilimwendea aliyeiweza.

Timu ya programu nayo inahitaji ujuzi wote ndani yake: mwandishi wa programu, msanifu wa kurasa, mjaribu, na mtu anayemjua mteja. Ukiwatenga wajaribu katika idara yao na wasanifu katika yao, kila badiliko dogo litabisha hodi katika milango mitatu, na kila mlango una foleni yake.

Oktoba 1873 watu wa Livingstone walifika Kwihara na maiti. Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Walikuwa wameshakubaliana kumfikisha pwani, na mgeni mwenye cheo hakuwa na habari zaidi yao juu ya walichoweza. Mbele, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji wakakataza maiti isipite kwao. Wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawatuma wenzao kurudi nayo kana kwamba inakwenda kuzikwa Unyanyembe, na maiti yenyewe wakaifunga kama robota la nguo. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Waliokuwa njiani ndio walioamua, bila kungoja barua ya balozi Zanzibar.

Mkuu wa mradi ana haki ya kutaja mzigo upi utangulie. Namna ya kuubeba aiachie timu, na kwa vitendo: awape ruhusa ya kurekebisha kosa lililokwisha kuwafikia watumiaji bila kusubiri sahihi yake, na awape simu ya mteja waongee naye wenyewe.