Kutu Inaposhika Diski ya Breki

Gari lililotumika kwa miaka mingi karibu na bahari, mathalan Tanga au Mombasa, aghalabu humpa fundi taabu ya namna yake. Gurudumu limekwisha kuondolewa, kalipa imefunguliwa na pedi zimetolewa. Diski ya breki imebaki mbele ya fundi bila kizuizi kinachoonekana, na hata hivyo haitoki. Hapo ndipo nyundo kubwa huitwa. Kwa bahati mbaya, pigo linaloitikisa diski hupita pia katika beringi ya gurudumu, na gololi zake huweza kuacha mabonyeo katika njia zinamopita. Beringi ya namna hiyo huvuma barabarani, na haina dawa ila kubadilishwa.

Hebu tuchunguze kwanza ni nini kilichoshika. Diski hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, na katikati yake mna tundu linalovikwa juu ya kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu. Mwanya uliopo baina ya vipande hivi viwili ni mwembamba mno, lakini maji huupenya. Chumvi iliyoyeyuka humo huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo chuma huungana na oksijeni upesi. Watu wengi hudhani kwamba kutu hushika kama gundi, ilhali kazi yake hasa ni ya kabari. Oksidi kavu ya chuma, Fe2O3, huchukua nafasi takriban mara 2 ya chuma kilichoizaa, na kutu iliyochanganyika na maji huzidi hapo. Ikiwa haina pa kutanukia, huvisukuma vipande vyote viwili, na kadiri msukumo unavyokua ndivyo msuguano unavyoongezeka.

Yafaa, hata hivyo, kutoisingizia kutu kabla ya kutazama. Baadhi ya magari, Honda za zamani zikiwemo, yana parafujo mbili ndogo zinazoikaza diski kwenye habu. Uchafu ukizifunika huwa hazionekani kabisa. Katika magari mengine diski ya nyuma ina ngoma ndogo ndani yake, nayo viatu vya breki ya mkono hukaa humo. Breki ya mkono ikiwa imevutwa, au viatu vikiwa vimechimba ukingo katika ngoma, diski haitatoka mpaka breki ilegezwe na kirekebishi cha viatu kirudishwe nyuma.

Ikiwa hayo yote si chanzo, litazame tena bapa la diski. Magari mengi ya Kijapani, kama vile Toyota Corolla, yana matundu mawili yenye hesi za milimeta 8, ambayo hayaonekani kuwa na kazi yoyote. Kazi yake ni hii hii. Bolti mbili zikiingizwa humo, ncha zake huisukuma habu, na diski hulazimika kurudi nje.

Mwalimu anaweza kuifanya hesabu yake ubaoni. Hesi ya kawaida ya bolti hiyo husogea milimeta 1.25 kwa kila mzunguko. Tukivuta spana kwa kani ya niutoni 100 katika umbali wa milimeta 150, mkono husafiri takriban milimeta 942 katika mzunguko mmoja. Kama pasingekuwa na msuguano, kani ingezidishwa mara 754 hivi. Kwa kweli msuguano wa hesi hula sehemu kubwa mno, na ncha ya bolti hubakiwa na niutoni 9,000 au zaidi kidogo. Huo ni uzito wa karibu kilo 900, nao umepatikana kwa mkono mmoja, bila kishindo. Bolti zikazwe kwa zamu, robo mzunguko kila upande, ili diski isikwame mshazari. Mafuta mepesi ya kulegeza kutu yakitiwa usiku uliotangulia husaidia sana.

Moto ni wa mwisho. Tundu la milimeta 60 likipashwa nyuzi 100 zaidi ya habu, hutanuka takriban milimeta 0.07, unene wa unywele tu, na hiyo yaweza kutosha kuivunja kutu. Lakini grisi na mipira ya beringi imo karibu, na mpira wa mafuta ya breki pia.

Kazi yote hii ifanyike gari likiwa juu ya vitegemeo imara, si jeki peke yake. Kalipa ifungwe kwa waya na isiachwe kuning'inia kwa mpira wake. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, kwani pedi za zamani zilikuwa na asbesto.

Diski ikishatoka, wengi huvika mpya papo hapo. Magamba ya kutu yaliyosalia kwenye habu huiweka diski mpya upande, na waundaji wengi hawaruhusu myumbo wa hata milimeta 0.1. Diski inayoyumba hulika pasipo usawa, na baada ya kilometa elfu kadhaa pedali huanza kutetemeka mguuni. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha ipakwe grisi kidogo sana, mbali na uso unaoguswa na pedi. Kabla gari halijaondoka, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana bastola za kalipa zilizorudishwa nyuma bado hazijazifikia pedi.