Kipusa Azae? Sawa, Lakini Usiku wa Manane Mtampeleka Wapi?

Ndoa bado changa, mmepangiwa kazi Ngara, na mtoto hajaja. Aliyepo ni Kipusa, bulldog wenu wa Kifaransa mwenye masikio kama popo na pua bapa. Analala kitandani kuliko hata baba mwenye nyumba! Sasa mama anataka Kipusa azae. Dume safi wa aina yake mmemsaka Ngara, mkamsaka Biharamulo, wapi! Ndipo baba anauliza: "Kwani hawezi kupandikizwa kama ng'ombe?"

Anaweza. Uhimilishaji wa ng'ombe si mgeni nchini, na kituo cha taifa cha kazi hiyo kipo Usa River, Arusha. Kwa mbwa ni mambo ya zamani zaidi: miaka ya 1780 Mtaliano Lazzaro Spallanzani alimpandikiza jike mbegu, na baada ya siku 62 wakazaliwa watoto watatu. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilitangaza watoto saba wa mbwa waliotungwa maabara.

Kupandikiza ndiyo kazi ndogo

Kwanza mpate siku yenyewe. Mayai ya mbwa yakishatoka huchukua kama siku mbili kuiva, hivyo daktari hupima damu mara kadhaa kuangalia homoni ya projesteroni. Mbegu mbichi huweza kuishi siku kadhaa ndani ya jike. Zilizogandishwa, zikishayeyushwa, huishi kama siku moja tu. Mkikosea, msubiri joto lingine, miezi sita hivi.

Kasheshe lenyewe ni kuzaa. Watoto wana vichwa vikubwa, nyonga ya mama ni nyembamba. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya mizao 8 kati ya 10 ya bulldog wa Kifaransa ilikuwa ya upasuaji. Na kwa pua ile bapa, hata dawa ya usingizi inataka daktari makini.

Kaeni chini, muulizane

- Daktari gani wa mifugo amekubali, kabla ya mimba, kumpasua Kipusa hata saa nane usiku?
- Kama yuko Mwanza, nani atampeleka mapema? Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kivuko hamkingoji tena, lakini kutoka Ngara bado ni safari ndefu kwa mbwa mwenye uchungu.
- Fedha ya upasuaji ipo kando, au mnategemea kuuza watoto ambao hawajazaliwa?
- Nani ataomba ruhusa kazini? Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au akitoa majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, hakuna kusubiri asubuhi.

Mkiwa na majibu yote manne, haya, agizeni mbegu. Mkikosa hata moja, mama, samahani: mfungeni Kipusa kizazi, aendelee kulala katikati yenu. Kumpenda si lazima kumzalisha.