Wanafuata Nini Uwanjani?

Mama mwenzetu, huenda na nyumbani kwako ndivyo kulivyo. Ikifika saa kumi jioni siku ya Jumamosi, baba watoto, ambaye asubuhi alisema mgongo unamwuma hata asiweze kupigilia misumari mlango wa banda la kuku, anaonekana akitafuta bukta yake iliyopauka. Ukimwuliza aendako anajibu kwa neno moja tu: "Mpirani." Hana timu. Hakuna kombe linalogombewa wala mtu atakayemlipa. Saa moja usiku anarudi ametapakaa vumbi, anachechemea, na uso wake umechangamka kuliko alipoondoka.

Akina mama kadhaa wametuletea manung'uniko yao juu ya jambo hili. Mmoja alituambia kwamba angekuwa anagombania mume na mwanamke mwenzake angejua pa kuanzia, lakini mpira utaukabili vipi? Nasi tulikuwa na kinyongo chetu, hatutaficha. Basi tukaona badala ya kuendelea kulalamika jikoni, twende tukajionee wenyewe. Kwa majuma sita tulikwenda kuketi kando ya uwanja mmoja wa wazi hapa Dar es Salaam, kwenye benchi la mama mmoja auzaye vitumbua na maji baridi, tukatazama na kuuliza maswali.

Mchezo usio na refa

Uwanja wenyewe si wa kusifia. Upande mmoja una majani, upande wa pili ni mchanga mtupu, na katikati inapita njia ya mkato ambayo watu wenye ndoo za maji hawaiachi hata mpira ukiwa unachezwa. Mara moja moja hufungwa maturubai kwa ajili ya mikutano ya Injili, na wakati wa uchaguzi wanasiasa nao huja na vipaza sauti vyao. Siku nyingine zote ni mahali pa yeyote apitaye. Hakuna kadi, hakuna kiingilio.

Wakishafika watu kumi au kumi na wawili, wawili husimama mbele na kuchagua wenzao mmoja mmoja kwa zamu. Upande mmoja huvua mashati. Magoli ni mawe mawili, au ndala mbili, hatua nne baina yake, na kwa kuwa goli ni dogo hakuna golikipa. Kuotea hakuna. Mpira wa miguu duniani una sheria 17, lakini hapa tulihesabu tatu tu zinazoheshimiwa: usishike kwa mkono, usimwumize mwenzio kwa makusudi, na mwenye mpira akiondoka mchezo umekwisha. Akiangushwa mtu, mwenyewe hupaza sauti "Faulo!" na mara nyingi wenzake humkubalia.

Wasipomkubalia, hubishana. Tulipima ubishi mmoja kwa saa ya mkononi tukapata dakika saba kamili. Walikuwa wakibishana kama mpira ulipita juu ya goli au ndani ya goli, ilhali goli lenyewe ni mawe mawili na halina mwamba wa juu! Tulidhani watapigana. Mwishowe fundi mwashi mmoja akasema, "Haya, chukueni, mlale nalo," watu wakacheka, mpira ukaendelea.

Tuliuwaza sana ubishi ule tukirudi nyumbani. Hapakuwa na mwenye filimbi wa kuamua. Mtu akisusa na kuondoka, upande wake unapungukiwa, mchezo unaharibika kwa wote, naye mwenyewe anakosa alichokifuata. Kwa hiyo kila mmoja analazimika kuachia kitu. Tukajiuliza ni wapi pengine ambapo mwanamume mzima hukubali kushindwa hoja mbele ya watu ishirini na kesho yake akarudi pale pale.

Na ni watu wa namna gani? Tulimkuta dereva wa daladala, mwalimu wa sekondari, kijana auzaye mitumba, mfanyakazi wa benki, mzee wa kanisa mmoja na ustadhi wa madrasa. Bwana wa benki alikuwa akiamrishwa na mvulana wa miaka kumi na saba hivi: "Rudi nyuma, mzee, unalala!" Naye akarudi mbio. Wengi wao wamecheza pamoja miaka mingi bila kujuana majina ya nyumbani. Wanaitana kwa majina ya uwanjani, na mengine hayaandikiki katika gazeti la familia.

Saa ya kumalizia pia haina filimbi. Adhana ya Magharibi ikisikika, ustadhi na wenzake huvaa mashati yao na kuondoka, na waliobaki hupiga mipira miwili mitatu ya mwisho gizani. Hakuna aliyewahi kuweka jambo hilo kuwa kanuni.

Wapo ndugu zetu wanaodhani kwamba mpira ni mambo ya dunia yasiyomfaa Mkristo. Tuwakumbushe kwa upole kwamba miongoni mwa mahali pa kwanza mpira huu ulipochezwa katika pwani yetu ni shule ya misheni ya UMCA pale Kiungani, Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19. Shule ile ilianza kwa kulea wavulana waliookolewa katika biashara ya utumwa, na walimu wao walicheza nao. Lawama halali ni ile ya Jumapili asubuhi. Hata hiyo, mzee wa kanisa tuliyemkuta ameipatia njia: kundi lake linaanza saa kumi na mbili alfajiri na kumaliza mapema, na saa nne yuko kwenye ibada ya pili, ameoga.

Yale yaliyosikika uwanjani

Juma la tatu alikuja kuketi nasi mama mmoja, mke wa mmoja wa wachezaji. Alikuwa amemleta mtoto kununua vitumbua, akakaa, na maneno yakatoka. Ameturuhusu tuyaandike.

Mume wake alikuwa amepunguzwa kazini. Kwa miezi miwili aliendelea kuondoka nyumbani kila asubuhi na mkoba wake, amevaa shati lililopigwa pasi, na kurudi jioni. Mama hakujua lolote. Kodi ya nyumba ilipokaribia, walikuja wanaume wanne asiowafahamu, wakabisha hodi, wakamwita shemeji, wakakaa dakika kumi na kuacha bahasha mezani. Walikuwa ni watu wa uwanjani. Ndipo alipojua.

"Nilishukuru," alituambia, "na niliumia. Miaka kumi na moja ya ndoa. Kwa nini aliwaambia wao, mimi asiniambie?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tukaomba ruhusa yake tumwulize mumewe mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Sikuwaambia," alisema. "Waliona nimecheza vibaya siku tatu. Mmoja akaniuliza, 'Una nini?' Tulikuwa tumeinama tunafunga kamba za viatu, hakunitazama. Nikasema. Nyumbani ukiulizwa unatazamwa usoni, na watoto wako pale wanasikia."

Hatumtetei. Mke aliyeapa naye mbele ya madhabahu alistahili kujua kabla ya fundi mwashi na dereva wa daladala, na tulimwambia hivyo. Lakini tulielewa jambo ambalo hatukulijua tulipoanza kazi hii. Wanaume wengi hawawezi kuketi wawili wakitazamana na kusema, "Ndugu yangu, nina shida." Wakiwa bega kwa bega, miguu ina kazi ya kufanya na macho yanafuata mpira, maneno yale yale yanatoka. Tangu siku hiyo mama yule amejaribu njia yake. Akitaka mumewe amweleze jambo, anamwomba wachambue mchele pamoja, au wamenye viazi. Anasema inasaidia mara moja moja.

Bahasha ile nayo haikuwa ya kwanza. Kundi hili halina katiba wala mweka hazina, lakini mwenzao akifiwa wanafika msibani wote, wanabeba maturubai, wanachota maji. Mchezaji mmoja alipovunjika mguu, aliendelea kuletwa uwanjani kwa bajaji ya mwenzake, akakaa kwenye benchi letu akitukana makosa ya wengine kwa miezi mitatu. Mama muuza vitumbua alituambia kwamba asiyeonekana Jumamosi mbili mfululizo hutafutwa.

Hata Ulaya jambo hili limechunguzwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, waliwachukua wanawake wasiozoea mazoezi, wengine wakapangiwa kukimbia na wengine kucheza mpira katika makundi madogo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu ya mwili. Lakini wakimbiaji walipoeleza walichopata walijisema zaidi wao wenyewe, afya zao na nafsi zao, na wacheza mpira walisimulia habari za wenzao. Utafiti mwingine wa chuo hicho umeonyesha kwamba mpira wa kujifurahisha, saa moja mara mbili au tatu kwa juma, husaidia kushusha shinikizo la damu.

Hapa tuseme neno moja kwa mke wa mwanamume aliyepita miaka arobaini. Kabla hajarudia mpira baada ya miaka ya kukaa, mpeleke akapimwe shinikizo la damu na sukari. Asicheze akiwa ameshiba ugali wa mchana. Anywe maji, apashe mwili moto polepole. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache hapo hapo na kwenda hospitali, hata kama timu yake inafungwa.

Na sisi je?

Juma la nne tuligundua kwamba manung'uniko yetu yalikuwa na wivu ndani yake. Sisi akina mama tuna kwaya, tuna vikundi vya kuweka na kukopa, tuna jumuiya. Ni mambo mema. Lakini kote huko kuna ajenda, kuna daftari, kuna mtu atakayekuuliza mchango wako. Ni wapi tunapokwenda kucheka na kutoka jasho bila kudaiwa?

Uwanjani pale palikuwa na msichana mmoja, wa miaka kumi na minne hivi. Siku ya kwanza tulimwona akichaguliwa wa mwisho. Siku ya tano alichaguliwa wa tatu, kabla ya bwana wa benki. Baadhi ya watazamaji walikuwa wakimwambia mpira si wa wasichana. Maneno hayo si mapya. Nchini Uingereza, wakati wa sikukuu za Krismasi mwaka 1920, watu wapatao 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool kutazama mechi ya wanawake. Desemba 1921 chama cha mpira cha nchi hiyo kikapiga marufuku wanawake wasicheze katika viwanja vya vilabu wanachama wake, kikidai mchezo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanawake wengi hawakuacha, wakaenda kucheza kwenye bustani za umma na mashamba. Hapa kwetu Twiga Stars walifika fainali za wanawake wa Afrika mwaka 2010, na tuna hakika wengi wao walianzia mahali kama hapa, kwa ndala mbili na mpira wa matambara. Zamani tulifunga mipira hiyo kwa mifuko ya plastiki. Tangu mifuko ilipopigwa marufuku mwaka 2019 watoto wanatumia nguo chakavu na kamba, na mpira unadunda vibaya zaidi.

Juma la tano mama muuza vitumbua, yule mke tuliyemtaja, nasi wawili tulikubaliana na wachezaji watuachie upande wa mchanga kwa nusu saa kabla hawajaanza. Tulikuwa wanane, tumefunga kanga kiunoni juu ya suruali. Hatutaeleza tulivyocheza. Itoshe kusema kwamba msichana yule alituchezesha wote, na mama mmoja alikimbia na mpira mikononi akidhani ni netiboli.

Juma la sita tulikuta lori limemwaga mawe na nondo kwenye kona ya uwanja. Hakuna aliyejua ni ya nani. Viwanja vya wazi vilivyochorwa kwenye ramani za mji wetu vimemegwa vingi kwa namna hii, kona moja kwanza, kisha ukuta, kisha geti. Mwalimu wa sekondari alikuwa ameshakwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuulizia ramani, akaambiwa arudi Jumatatu. Watu waliokuwapo waliandika majina yao kwenye karatasi ili waende pamoja, na kwa mara ya kwanza wengi wakajua majina halisi ya wenzao. Mama muuza vitumbua aliandika lake. Nasi tukaandika letu.

Kisha wakasogeza goli hatua kumi kutoka kwenye mawe, wakachagua timu.