Bei Nyuma ya Seng'enge

Wanaoniuliza waanzie wapi kusoma uchumi hutarajia niwatajie kitabu kinene. Mimi huwapa makala ya kurasa chache yaliyotoka Novemba 1945 katika jarida la Economica la London. Aliyeyaandika, R. A. Radford, alikuwa askari wa Uingereza aliyerudi kutoka kambi za mateka za Italia na Ujerumani, na alichokieleza ni soko alilolala na kuamka nalo.

Chakula cha mateka kilitokana na posho ya waliowashikilia na vifurushi vya Msalaba Mwekundu: maziwa ya kopo, jamu, siagi, biskuti, nyama ya kopo, chokoleti, sukari, pamoja na sigara. Mgawo ulikuwa karibu sawa kwa wote. Matakwa ndiyo yaliyotofautiana. Asiyevuta alitoa sigara akapata chokoleti, na haukupita muda kila kitu kambini kikawa na bei ya sigara. Kufuliwa nguo moja kulikuwa sigara mbili. Picha nzuri ya kuchorwa, thelathini.

Sigara ikaanza kuwa na vituko vya fedha. Zile tamu zilivutwa, hafifu zikabaki kuzunguka sokoni. Walipoanza kusokota zao wenyewe, wapo waliobana tumbaku, hata muuzaji akawa anakagua moja moja na kuzikataa nyembamba. Shehena ya sigara ikifika, bei za vyakula zilipanda. Ndege zikishambulia jirani na kambi, watu walivuta kwa wingi, fedha ikateketea, bei zikashuka. Hata mikopo ilikuwepo: mkate wa kukabidhiwa sasa hivi ulikuwa na bei yake, na wa kukabidhiwa Alhamisi bei nyingine.

Lakini sehemu ninayotaka watu waisome mara mbili ni ile ya walanguzi. Katika kambi ya muda huko Italia, watu walisimulia habari za kasisi aliyeondoka kitandani kwake na kopo la jibini na sigara tano, akazunguka kambi nzima akibadilishana, akarudi na kifurushi kizima, na jibini lake na sigara zake tano bado mkononi. Hakumwibia mtu. Kila aliyebadilishana naye aliridhika. Alichofanya ni kutambua kwamba bei za upande huu hazijafika upande ule, basi.

Mwingine alijua Kiurdu. Akawa ananunua nyama kwa Masingasinga na kuwauzia siagi na jamu. Biashara hiyo ilipojulikana, wengine wakaiingilia, na bei za upande wa Wahindi zikaanza kukaribiana na za kambi nzima. Hazikulingana kabisa, kwa kuwa lugha iliendelea kuwa kizuizi. Hapo ndipo ilipo faida ya dalali: anauza habari, na kila anapoiuza anaipunguzia thamani. Asipopata washindani ananona. Akiwapata, faida inaliwa na wateja.

Mateka wenzake hawakumshukuru. Radford anasema walimwona dalali kuwa mjanja anayekula jasho la wengine, ingawa walikuwa wakimwona kwa macho yao akihangaika kutoka banda hadi banda kuwakutanisha mnunuzi na muuzaji. Walikuwa pia na fikra ya bei ya haki, na aliyeuza kwa zaidi alinung'unikiwa hata kama hali ya soko imebadilika. Watanzania wa umri fulani hawahitaji kuelezwa hisia hizo. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, wapo waliotupa bidhaa porini kwa hofu ya kukutwa nazo. Hasira ilikuwa na sababu, maana kuficha sukari wakati watu wanapanga foleni ni ukatili. Ila kumkamata mlanguzi hakuongezi gunia hata moja ghalani.

Kwa upande mwingine, wapo wanaomshika Radford kama msahafu, wakidai amethibitisha kwamba soko likiachwa huru kila mtu hupata riziki yake. Hao nawauliza nani alikuwa akijaza vile vifurushi. Kambini hakukuwa na mwenye shamba wala kibarua wa shambani, na kila mmoja aliingia sokoni akiwa na mtaji unaokaribiana na wa jirani yake.

Ndiyo maana baada ya makala hayo huwapa kitabu, Poverty and Famines cha Amartya Sen, cha mwaka 1981. Sen anaichambua njaa ya Bengal ya mwaka 1943, miaka ileile ya vita, iliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni tatu. Kwa hesabu zake, chakula cha mwaka huo hakikuwa pungufu ya kile cha 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa. Bei ya mchele ilikimbia, ujira ukabaki nyuma. Vibarua wa mashambani na wavuvi waliangamia, ilhali wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, ambao malipo yao yalikuwa mchele wenyewe, hawakuumia kiasi hicho.